Kiti cha Kunegunda

Wilno, 9 Januari 1828

Mdogo wangu mpendwa Domicela,

Tumsifu Yesu Kristo.

Kwa masikitiko makubwa naitangazia familia yote, jamaa wa karibu na wa mbali, kwamba jino langu la juu upande wa kushoto, la pili kutoka mwisho, liliaga dunia Jumatatu saa nne asubuhi mikononi mwa kinyozi, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Limeacha majirani watatu, wote hoi. Mazishi yalifanyika kwenye theluji nyuma ya nyumba niliyopanga. Mwombolezaji alikuwa mmoja, amefungwa kitambaa kichwani kama bibi kizee anayekwenda sokoni.

Ukiondoa msiba huo, mimi mzima. Shule imefunguliwa, na wanafunzi wangu wa Kilatini wamerudi wakiwa wamesahau hata kile ambacho hawakuwahi kujua. Wewe na Shangazi Petronela hamjambo? Masikio yake vipi? Yule ng'ombe mwenye doa ameshazaa? Na chumba changu hapo Olszanka, nakuomba usiweke vitunguu kitandani mwangu kama mwaka juzi. Nililala majira yote ya joto nikinuka kama supu.

Sasa jambo lenyewe. Nimemaliza utenzi! Beti mia tatu na hamsini, na umenitoka kwa wiki tano tu, kama maji. Siku hizi hapa Wilno hakuna anayetaka mashairi ya bustani na kondoo. Wanataka mizimu. Ukimpelekea mwenye duka la vitabu ubeti usio na mzimu anakutazama kwa huruma, kama mtu aliyesahau kuvaa suruali. Basi nami nimeweka mzimu.

Kisa ni hiki. Bwana Odrowan ana ngome kando ya ziwa, na mkewe, Malwina, amefariki. Siku ya chakula cha wahenga, ambapo kila nyumba huwawekea marehemu wake kijiko mezani, Odrowan hakuweka. Basi Malwina anatoka ziwani na njaa yake, anagonga kioo cha dirisha. Malaika na shetani wanabishana juu ya roho ya Odrowan kwa beti arobaini (nimezipunguza, zilikuwa sabini). Yeye hasikii, anataka kuoa tena. Siku ya harusi Malwina anaingia, analowesha zulia, anakaa kwenye kiti cha bibi harusi. Odrowan anazama chini ya barafu, sahani mkononi. Hapo kwenye sahani nililia mwenyewe, ingawa huenda lilikuwa jino.

Yote ni ya kubuni, bila shaka. Nakutumia nakala. Soma hadi mwisho, maana duniani ni wewe peke yako uliyewahi kunifikia mwisho.

Jirani yetu Bwana Onufry bado anakuletea samaki kila Ijumaa?

Kaka yako,
Hipolit


Olszanka, 27 Februari

Kaka Hipolit,

Milele amina.

Pole kwa msiba wa jino. Shangazi Petronela alisoma sentensi yako ya kwanza tu, akaenda kuvaa nguo nyeusi. Nilipomweleza kuwa ni jino, alisema keshavaa, havui. Amevaa mpaka leo. Ng'ombe amezaa dume. Theluji imefika madirishani, ndiyo maana barua hii imechelewa, usinilaumu.

Utenzi wako nimeusoma hadi mwisho, ila sikuusoma peke yangu. Wanawake kumi na mmoja walikuwa jikoni wanasokota kitani, nikaona niwasomee wasisinzie. Kaka, sijui nikuambieje. Walilia! Malwina alipogonga kioo, mke wa fundi viatu alikata uzi akapiga ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto. Watatu walikataa kurudi kwao wakalala hapa hapa. Ubishi wa malaika na shetani niliuruka kidogo, maana mkate ulikuwa unaungua. Aliyefurahi kuliko wote ni Hryhor, yule kipofu anayezunguka na zeze akiimba kwenye magulio. Alikuwa ameketi kando ya tanuri, midomo inacheza. Nilipomaliza alisema, "Mama, narudia." Akarudia, Kaka. Wote, isipokuwa malaika.

Kwa hiyo sasa wewe ni mtu maarufu mpaka mtoni.

Bwana Onufry hajambo. Samaki analeta. Siku ya Mishumaa, ile sikukuu ya mwanzoni mwa mwezi huu, alikuja pia, ingawa ilikuwa Jumamosi, na hakuleta samaki.

Kuna jambo nilitaka kukuambia, lakini karatasi imekwisha.

Mdogo wako,
Domicela


Wilno, 20 Machi

Mdogo wangu Domicela,

Tumsifu Yesu Kristo, na umwambie Shangazi avue.

Barua yako imefika, na nusu nzima ya ukurasa wa mwisho ikiwa nyeupe kama uwanja wa theluji. Mimi ni mwalimu. Najua mtu anapoandika "karatasi imekwisha" kwenye karatasi ambayo haijakwisha, ni nini hasa kilichokwisha. Lakini sitakuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza.

Kuhusu Hryhor nimefurahi mno. Niliwasomea watu wazima wanne hapa Wilno: mmoja alilala, mmoja aliniuliza kama Malwina ana dada, na wawili walisema malaika wanazungumza sana. Nami nilidhani malaika ndio uti wa mgongo!

Chumba changu umekifungulia hewa? Uyoga wa siki umebaki? Niwekee mitungi miwili.

Kaka yako,
Hipolit


Olszanka, 2 Mei

Kaka Hipolit,

Kusifu tutasifu, lakini leo nina hasira na sitaki kuanza na ng'ombe.

Hryhor aliimba utenzi wako kwenye gulio la Pasaka. Unajua waimbaji. Ngome ya nini kwa watu wa huku? Ameiondoa. Ziwa amelifanya bwawa la kinu. Bwana Odrowan amempa ndevu nyekundu na daraja bovu, eti ili watu wamwone vizuri. Sasa niambie, kati ya hapa na mtoni, ni mjane gani wa kiume mwenye kinu cha maji, ndevu nyekundu na daraja bovu? Watu wote waligeuka kumtazama Bwana Onufry. Alikuwa anakula andazi. Hakulimaliza.

Sasa nikuambie nilichokificha Februari. Siku ya Mishumaa Onufry alikuja kuniposa. Alivaa koti la harusi yake ya kwanza, halifungiki, akasema, "Domicela, mimi si kijana na wewe umenijua tangu nikianguka kwenye miti yenu ya tufaha." Nikasema nataka, lakini Kaka yangu ndiye kichwa cha familia, lazima akubali kwanza. Akawa mwekundu, akasema atalishughulikia. Halafu akaniambia jambo akilia. Mwaka mkewe Kunegunda alipofariki, yeye alikuwa na homa, akalala siku tatu, na chakula cha wahenga hakikufanyika nyumbani kwake. Mkewe hakuwekewa kijiko mwaka wake wa kwanza. Jambo hilo alilijua yeye na mpishi wake Tekla tu, na sasa mimi.

Na wewe umeliimbisha gulioni!

Nimemwambia mara kumi kuwa umebuni. Ananijibu, "Domicela, mtu habuni asichokijua. Kaka yako yuko Wilno. Kama si Kunegunda mwenyewe aliyemwendea, nani alimwambia?" Tangu Pasaka anamwandalia marehemu sahani asubuhi, mchana na jioni. Si mara moja kwa mwaka kama Wakristo wengine. Kila siku! Jumapili alinialika chakula cha mchana. Nikavuta kiti changu cha siku zote, akaruka: "Usikae hapo, hapo pana mtu." Nikaenda kukaa mwisho wa meza, karibu na ndoo. Tekla akanipakulia wa tatu. Wa kwanza marehemu, wa pili bwana, wa tatu mimi, wa nne mbwa. Na baada ya chakula mbwa akapewa na sahani ya marehemu, kwa hiyo hata mbwa alinizidi.

Nina miaka arobaini na sita, Kaka. Nimekuwa mjane miaka tisa. Nilidhani jambo hili limenipita, likarudi likagonga mlango, na wewe umeweka mzimu mlangoni.

Nataka vitu viwili. Idhini yako ya ndoa, na umtoe huyo mwanamke kwenye kiti changu.

Domicela


Wilno, 19 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa, na haikubadilika.

Naomba uelewe jambo moja kuhusu ushairi. Mzimu wa kwenye utenzi si mzimu. Ni majuto ya moyo yaliyovishwa shuka. Tunaposema roho imetoka ziwani, tunamaanisha dhamiri imetoka... mahali pake. Nimeishi miaka thelathini katika jumba hili bovu la kupanga, ambako ngazi zinalia zenyewe, na sijamwona mzimu hata mmoja, ukimtoa mama mwenye nyumba akiwa amevaa kofia yake ya kulalia. Mweleze hivyo Bwana Onufry. Ni mtu wa akili. Mwenye kinu lazima awe na akili, maana kinu hakina.

Hata hivyo nimepata dawa. Kama utenzi umemkaribisha Malwina, utenzi utamuaga! Nimeandika sehemu ya tano, beti sitini. Ndani yake Malwina anapewa kijiko kimoja cha uji wenye asali, anashiba, anatabasamu, anambariki mke mpya na kupanda mbinguni kwa ngazi ya mwanga, huku malaika wakiimba (kwa ufupi, nimejizuia). Mpe Hryhor. Aimbe gulioni, watu wasahau.

Kuhusu hilo la posa, ni jambo zito, tutalizungumza ana kwa ana. Majira ya joto mwaka huu sitaweza kuja, shule inapakwa rangi.

Kaka yako akupendaye,
Hipolit


Olszanka, 14 Julai

Kaka Hipolit,

Milele amina. Shangazi anakusalimu. Bado kavaa nyeusi, ila sasa anasema ni kwa ajili yangu.

Shule inapakwa rangi miezi mitatu? Mnaipaka kwa unyoya?

Nilimsomea Hryhor sehemu yako ya tano. Alisikiliza mpaka mwisho, akavuta zeze lake kifuani kama mtu anayemkinga mtoto na upepo, akasema, "Mama, hii siimbi. Watu wamekwisha kulia, wamefuta machozi, wamekwenda nyumbani. Sasa niwaite niwaambie mambo yalikuwa mazuri? Watanipiga." Lakini tabasamu lilimpendeza. Kalichukua hilo peke yake, kaliweka mwisho: Odrowan anazama chini ya barafu, na Malwina anatabasamu kwa kuwa ameshinda. Kaka, ni baya kuliko mwanzo. Watu wanasema hata kwenye barafu baridi haikuwa vile.

Tekla ameacha kazi. Alisema alikuja kupikia mtu mmoja, si watu wawili na mmoja hali. Mbwa amenenepa, hawezi kuruka kizingiti cha mlango. Onufry kabla ya kupanda kitani alikiuliza kiti. Kikanyamaza, akachelewa kupanda wiki nzima, kitani chake sasa ni kifupi kama ndevu za Padre wetu mpya. Ananipenda, ninaona. Ijumaa analeta samaki, anasimama mlangoni ananitazama, anasema, "Ningekaa, lakini nyumbani ananisubiri." Anaondoka. Samaki mwenyewe ananitazama kwa huruma.

Mwandikie. Barua moja tu, Kaka, kwa mkono wako, umwambie ulibuni. Kama kuandika kunakushinda, jambo ambalo sikutegemea kukuambia wewe, njoo Novemba kwenye chakula cha wahenga. Ukae mezani kwake umwambie mbele ya kiti hicho. Mimi sitakanyaga pale mpaka kiti kiwe wazi. Nimeapa mbele ya Shangazi, ingawa hakusikia.

Na swali moja limekuwa likinikosesha usingizi. Mimi sikukuandikia habari za kijiko kabla ya Mei. Utenzi uliumaliza Januari. Nani alikuambia?

Domicela


Wilno, 3 Septemba

Mdogo wangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Samahani kwa kimya. Nilikuwa na mafua, kisha wino ulikauka, kisha nikawa na mafua tena. Hali ya hewa hapa ni ya unyevunyevu. Mama mwenye nyumba amenunua paka. Paka ni wa kijivu. Kuna walimu wapya wawili, mmoja mrefu. Bei za... lakini hayo hayakuhusu.

Kuhusu Novemba, barabara huwa ni tope tupu, na mgongo wangu unaujua.

Natumaini uyoga mwaka huu umeota vizuri.

Kaka yako,
Hipolit


Olszanka, 20 Septemba

Kaka.

Kijiko.

Domicela


Wilno, 10 Oktoba

Mdogo wangu,

Nitakwenda kwa Bwana Onufry jioni ya Watakatifu Wote. Nimekodi gari la farasi lenye magurudumu matatu mazima. Usimwambie kuwa nakuja.

Hipolit


Olszanka, 4 Novemba

Kaka Hipolit,

Milele amina, na uniambie kilichotokea!

Asubuhi ya siku ya Marehemu Onufry alikuja hapa mbio, bila kofia, nywele zimesimama. Alisimama katikati ya jikoni akasema, "Domicela, kiti ni kitupu. Njoo ukikalie." Shangazi akavua nguo nyeusi pale pale, alikuwa na nyingine ndani, usiogope. Nilimuuliza imekuwaje. Akasema, "Kaka yako ndiye atakayekuambia. Nimemwahidi." Nikamwomba, nikamtishia, nikamnyima chai. Hasemi. Anacheka peke yake, halafu anafuta macho.

Tekla amerudi kazini, na yeye anaapa kijiji kizima kuwa Kunegunda aliingia kupitia dirishani akiwa na sharubu, akala bakuli mbili. Hryhor ameshaanza kutafuta vina vya "sharubu."

Na wewe ulikuja mpaka kwa jirani usinione! Alama za magurudumu ya gari lako zipo kwenye tope mbele ya lango letu, nimeziona. Yalisimama, yakakaa, yakaenda zake. Gari gani huja kutoka Wilno kusalimia lango?

Ndoa ni baada ya Krismasi kama utakubali. Nakuomba ukubali. Na uniambie kweli.

Domicela


Wilno, 18 Novemba 1828

Mdogo wangu Domicela,

Sina jino la kuzika leo. Nitakuambia kilichotokea.

Desemba mwaka jana nilipata barua kutoka kwa Bwana Onufry. Mtu yule ana mwandiko kama uzio ulioangushwa na ng'ombe, lakini aliniandikia kurasa nne. Aliniomba mkono wako kama desturi inavyotaka, kabla hata hajakutamkia. Akaniambia pia, kwa kuwa mimi ni msomi, kwamba kuna jambo linamsumbua: alikuwa na homa, hakumwekea mkewe kijiko. Akauliza, "Je, Bwana Hipolit, kwa wenye elimu, marehemu huweka kinyongo?"

Nilikuwa na kalamu mkononi. Ningeandika "Hapana, oa," barua ingekwisha kwa maneno mawili. Badala yake niliandika beti mia tatu na hamsini, na yeye sikumjibu.

Sikukusudia Hryhor. Sikukusudia gulio. Lakini nilijua utausoma wewe, Domicela, na nilijua ulikuwa unamsubiri nani kila Ijumaa. Nilitaka uogope kidogo. Kidogo tu, kiasi cha kubaki Olszanka. Kwa sababu ukihamia kinuni, Shangazi utamchukua, nyumba ya baba itafungwa, na mimi nitakuwa mwalimu mnene wa Kilatini asiye na mahali pa kwenda shule ikifungwa. Nani atanifungulia chumba hewa? Nani atanifikia ukurasa wa mwisho? Hayo ndiyo niliyoyavisha shuka nikayaita Malwina.

Sasa jioni yenyewe. Nilifika kwa Bwana Onufry saa kumi na moja. Usidhani nilikwenda kukiri. Nilikuwa na mpango. Nilikuwa nimeandika beti nane za Kunegunda kumuaga mumewe, na nilikuwa nimezifanyia mazoezi njia nzima kwa sauti nyembamba, mpaka mwenye gari akaniuliza kama naumwa tumbo. Unajua mwenye nyumba hufungua dirisha kabla ya chakula ili awaite wahenga. Basi nilijikunja chini ya dirisha lile, kwenye magugu, maji yakiingia viatuni, nikasubiri kuitwa.

Dirisha likafunguliwa. Mvuke ukatoka, wa supu ya bitiruti na mkate mweusi na uji wa asali, na mimi sikuwa nimekula tangu asubuhi. Tekla alikuwepo, alikuja kusaidia kwa siku ile moja kwa ajili ya marehemu wake, si kwa ajili ya bwana wake. Onufry akaita baba yake, mama yake, babu zake. Kisha akasema, "Kunegunda."

Nikafungua kinywa. Lakini hakunisubiri. Akaanza kuongea kwa sauti yake ya kawaida, akimwita kwa jina lake la nyumbani, kama anayeongea na mtu aliye upande wa pili wa meza.

"Kunia, tangu Pasaka nimekuwekea sahani na hujaniambia kama inatosha. Mimi si mtu wa maneno. Nilimwandikia kaka yake Domicela. Barua ilipotea kwenye theluji, maana muungwana kama yule asingekosa kunijibu. Kwa hiyo habari ya kijiko kaipata kwa nani, kama si kwako? Basi kama ni wewe, sema unachotaka. Nikimkosa Domicela nitamkosa, lakini nisikukosee wewe mara ya pili."

Muungwana kama yule, Domicela. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye magugu na beti nane mfukoni. Tangu Pasaka alikuwa akiandaa sahani mara tatu kwa siku kwa sababu hakuweza kuamini kuwa mimi ni mtu asiyejibu barua.

Ningekuwa na heshima ningezunguka nikapita mlangoni. Lakini mbwa alikuwa amenisikia. Hawezi tena kuruka ila anaweza kuuma, akanikamata pindo la koti kwa nyuma. Nikaruka mbele, na mbele palikuwa na dirisha. Niliingia kichwa kwanza. Tekla akapiga kelele ambayo naisikia mpaka leo, akadondosha kijiko, na hakuna aliyekiokota kwa kuwa siku ile kinachoanguka ni cha wahenga, hakiokotwi. Nikasimama, tope mpaka sharubuni, nikakaa kwenye kiti kitupu kilichokuwa karibu.

Unajua kilikuwa kipi.

Onufry alinitazama, akatazama kiti, akasema taratibu, "Bwana Hipolit. Hapo pana mtu."

"Hapana, Bwana Onufry," nikasema. "Barua yako niliipata."

Nikamwambia yote, kama nilivyokuambia wewe, pamoja na chumba na uyoga. Sikuwa na kina hata kimoja. Nilipomaliza alikuwa anakunja kona ya kitambaa cha meza, anaikunjua.

"Kwa hiyo Kunegunda hana njaa?" akauliza.

"Sijui," nikasema. "Nimeandika beti mia nne na kumi na nane juu ya wafu na sijui habari yao hata moja. Najua habari yangu tu."

Nilidhani atanipiga. Alichukua kijiko, akachota uji wa kwanza akamwekea mkewe pembeni, mara moja, kama watu wote wanavyofanya mara moja kwa mwaka. Akasema, "Karibu, Kunia, kula uende salama." Kisha akasukuma bakuli mbele yangu. "Na wewe kula. Umelowa kama Malwina wako." Nikala. Kweli zilikuwa bakuli mbili, Tekla hakuongeza.

Nilipokuwa na mdomo umejaa aliniuliza, "Sasa ile barua yangu, jibu lake ni lipi?" Nikasema ndiyo. Lilikuwa limechelewa miezi kumi na moja. Nimelisema kwake, sasa nalisema kwako: ndiyo, mdogo wangu. Olewa. Nikamwomba anipe nafasi nikuambie mwenyewe.

Limebaki lango lako. Nilipita kwenu nikirudi. Dirisha lilikuwa bado wazi, na kwa kuwa unamwambia Shangazi kila kitu kwa kupiga kelele, barabara nzima ilisikia. Ulisema, "Acha sahani moja, ya Hipolit!"

Shangazi akauliza, "Naye kafa?"

"Hajafa! Ameogopa! Atakuja tu, iache hapo!"

Nilishuka garini. Nilishika lango. Sikuingia. Mwaka mzima nilikuwa nimekula maneno yako na upendo wako huku najua nilichokufanyia, na sikutaka kuongeza na chakula kabla hujajua. Nikarudi Wilno niandike kwanza.

Sasa umejua. Kama ile sahani bado unaweza kuniwekea, niandikie.

Kaka yako,
Hipolit